Sikio la Kinyozi na Toleo Jipya

Kazini walimwita Masikio, na hakuwahi kulikasirikia jina hilo kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha. Alitengeneza masikio bandia. Pua pia, mara chache, na safari moja nusu ya shavu, lakini masikio ndiyo yaliyompa jina. Watu walioungua, waliopata ajali au waliozaliwa na sikio moja walipanda ngazi za karakana iliyokuwa nyuma ya hospitali, wakaketi kwenye kiti cha kuegemea kilichotupwa na idara ya meno, na baada ya wiki kadhaa wakashuka na sikio la silikoni lililoshikwa kwa gundi. Ukikutana nao barabarani hutambui kitu mpaka uambiwe.

Zamani alichonga kwa nta. Alikuwa na visu vidogo vyenye mipini ya mbao, na mkono uliojua kazi. Kisha, akiwa na miaka arobaini na kitu, mkono wa kulia ulianza kutetemeka. Haikuwa sana. Kijiko kiligonga kikombe. Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Kisu kilipita kwenye nta na kuacha mikwaruzo midogo ambayo yeye peke yake aliiona, akaifuta kwa kidole kabla mwenzake hajageuka.

Mama yake aliwahi kuwa na mkono wa namna hiyo, na mtaa mzima uliamini mama anakunywa. Mama hakuwahi kuonja tone. Lakini kila alipopewa kikombe mbele za watu kilimwagika, na watu walitazamana. Mwishowe aliacha kwenda kwenye shughuli za watu, akawa anatuma salamu na zawadi tu. Binti aliyaona hayo akiwa bado mdogo. Kwa hiyo zamu yake ilipofika, alimwambia mumewe peke yake, naye mumewe, ambaye ni fundi wa friji na si mtu wa maneno mengi, akaanza kumjazia kikombe nusu bila kuulizwa.

Karakana ilipoletewa skana na printa ya kuchapa maumbo, mafundi wengine waliziangalia kama wageni wasiokaribishwa. Masikio ndiye aliyesema, "Nipeni mimi." Wakamsifu kwa kupenda mambo mapya. Ukweli ni kwamba alikuwa anakimbia nta.

Hakukuwa na fedha za kununua programu zinazotumiwa na hospitali kubwa. Alitafuta mwenyewe mpaka akapata moja ya bei ndogo, unailipia mara moja basi, iliyotengenezwa na mtu mmoja tu katika nchi ya mbali. Alama yake kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa kisu kidogo cha bluu, naye akaiita hivyo hivyo, Kisu.

Ndani ya Kisu, sikio ni wavu. Ni vipande bapa vidogo vidogo, vingi vyenye pembe nne, vilivyoshonana kingo kwa kingo kama viraka vya mpira wa miguu. Pale pembe zinapokutana kuna ncha, na ukiivuta ncha moja, vipande vinavyoizunguka vinafuata. Masikio alipiga skana sikio zima la mgonjwa, akaligeuza kama kwenye kioo ili la kulia liwe la kushoto, kisha akaanza kazi yenyewe, kulikalisha lile umbo juu ya kovu, ncha kwa ncha, mpaka likae bila kuacha mwanya. Alichagua ncha, akabonyeza mshale kwenye kibodi, ncha ikasogea kidogo. Akabonyeza tena, ikasogea kidogo tena. Kibodi haijali kama kidole kilichoibonyeza kinatetemeka. Miaka ile ya Kisu ilikuwa mizuri kwake. Kazi zake zilipiga hatua, mkuu wa karakana akawa anawaonyesha wageni, na hakuna aliyejua kitu.

Kilichoharibu mambo ni kidirisha. Asubuhi moja kilitokea katikati ya kioo, kama kilivyokuwa kikitokea kwa muda, kikisema toleo jipya liko tayari. Chini kulikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Baadaye. Alikipeleka kipanya kwenye Baadaye, mkono ukaruka, akabofya Ndiyo.

Kisu kilijifunga, kikakaa kimya, kikafunguka na sura mpya. Alama ya kisu ilikuwa imebadilishwa, sasa ilikuwa kiganja cha mkono. Ujumbe wa kukaribisha ulisema kwamba kuanzia sasa utafinyanga maumbo kama udongo, kwa uhuru wa mkono wako. Alichagua ncha, akabonyeza mshale. Picha nzima ikazunguka. Akabonyeza mwingine, ikazungukia upande wa pili. Mishale ilikuwa imepewa kazi nyingine. Ili kusogeza kitu ilibidi ushike kipanya na kupapasa kwa duara lililotembea juu ya umbo.

Alijaribu. Duara lilicheza pamoja na mkono wake. Ukingo wa sikio ukajaa vinundu, bonde la katikati likafukiwa, na alipomaliza, lile umbo lilifanana na kipande cha sabuni kilichosahaulika kwenye maji.

Mwenzake aliyekuwa akipaka rangi, ambaye wote walimwita Rangi, alichungulia nyuma yake akiwa na brashi mdomoni. Akaitoa. "Hilo ni la nani? Bondia?"

"Kompyuta ina matatizo," alisema Masikio, akalifunga faili.

Sikio lile lilikuwa la kinyozi. Mtungi wa gesi ulikuwa umelipuka jikoni kwake, na uso ulipona vizuri kuliko alivyotarajia mtu yeyote, lakini sikio la kushoto likaenda. Angekuwa na kazi nyingine pengine angevumilia. Kinyozi, hata hivyo, anasimama mbele ya kioo kutwa nzima, na kila mteja anayekaa kwenye kiti chake anatazama mbele, na mbele kuna kioo, na kwenye kioo kuna kinyozi. Wateja wapya walikodoa macho, wengine wakaogopa kumpa kichwa, kana kwamba yeye ndiye aliyejikata. Alianza kunyoa akiwa amevaa kofia ya kufunika masikio, hata joto likiwa kali, na jasho likawadondokea wateja shingoni. Alikuja mara ya kwanza kwa tarehe aliyopewa, akaambiwa sikio halijawa tayari, kompyuta ina matatizo. Akaja tena, akaambiwa vile vile.

Wakati huo Masikio alikuwa anahangaika chini kwa chini. Alitafuta toleo la zamani la Kisu kwenye tovuti, lilikuwa limeondolewa. Alimwandikia aliyekitengeneza, barua fupi yenye adabu, akasema yeye amezoea mishale na anaomba irudishwe. Jibu lilikuja upesi, nalo lilikuwa na adabu pia. Mtu yule alieleza kwamba wateja wengi waliomba kufinyanga, kwamba mishale ilitumiwa na wachache, na kwamba akizoea kidogo tu ataona raha ya njia mpya.

"Kuna programu ya bure," Rangi alimwambia siku moja wakila chakula cha mchana kwenye ngazi. "Mpwa wangu anatengenezea katuni. Anasema inafanya kila kitu."

"Nimeiona. Ina vitufe kama duka la vifungo."

"Si utabonyeza unavyovitaka tu?"

"Tatizo ni kuvipata."

Aliipa jina Bahari, kwa jinsi isivyo na mwisho. Aliifungua, akaona sanduku la kijivu katikati ya kioo na mistari ya vitufe pande zote, akabonyeza kimoja, sanduku likatoweka, na hakujua limekwenda wapi wala litarudije. Akaifunga.

Ya tatu ilikuwa ya kukodi kwa mwezi, kwa ada ndogo, na ilifanya kazi ndani ya mtandao. Hiyo ilikuwa na mishale. Alijaribu muda wa majaribio wa bure akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya kioo. Akampelekea mkuu wa karakana habari njema, na mkuu, mama aliyekuwa nesi miaka mingi kabla ya kupewa ofisi, akamuuliza swali moja. "Mafaili yanakaa wapi?"

"Kwao. Kwenye mashine zao."

"Sura za wagonjwa wetu haziendi kukaa kwa watu tusiowajua." Akarudi kwenye makaratasi yake. Kisha akainua macho. "Hivi kile cha zamani kimekosa nini? Si umepata toleo jipya?"

Masikio alisema kina kasoro ndogo, ataishughulikia, akatoka.

Kinyozi alikuja mara ya tatu. Safari hii ilibidi apimwe upya, kwa sababu kovu lilikuwa limenywea. Alikaa kwenye kiti cha meno, Masikio akapitisha rula laini ya plastiki kutoka pembe ya jicho hadi pale sikio lilipokuwa. Rangi alikuwa ametoka kuchukua dawa za kuchanganyia silikoni. Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na kioo, na kinyozi, kwa mazoea ya kazi, alikuwa anaangalia mle.

"Dada," alisema, "nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza tu, kaka."

"Mkono huo una muda gani?"

Akaiweka rula mezani. "Mkono gani?"

"Mimi nimeajiri vinyozi wengi. Mtu akishika wembe, najua habari zake kabla hajamgusa mteja."

Masikio aliichukua tena rula, akaikunja, akaikunjua.

"Unaogopa nitakuharibia," alisema.

"La. Ila umeniambia mara mbili kwamba kompyuta ina matatizo. Nikaanza kufikiri pengine haina."

"Inayo kweli," alisema. Kisha akaongeza, akishangaa jinsi maneno yalivyotoka kirahisi, "Na mkono unayo pia."

Akamweleza. Alimweleza habari za nta, za Kisu, za mishale, na za barua aliyoandika na jibu alilopata. Kinyozi alisikiliza bila kugeuza kichwa, kama wanavyofanya wateja wake.

"Kwenye barua ulimwambia sababu?"

"Nilisema nimezoea."

"Hapo ndipo ulipokosea. Mtu akikaa kwenye kiti changu akasema amezoea mtindo huu, nitambembeleza ajaribu mwingine. Akiniambia ana kovu chini ya nywele, simgusi hapo. Sasa huyo bwana wa watu angejuaje una kovu?"

Masikio alimaliza kupima. Alipomsindikiza hadi mlangoni alimwomba asimwambie mtu. Kinyozi akasema kinyozi anayesema ya wateja hukosa wateja, na kwamba hajui kama na yeye mteja ana haki ya kusema ya fundi, ila hatasema.

Jioni ile alimwandikia tena yule mtengenezaji. Safari hii aliandika kwamba mkono wake unatetemeka, kwamba mishale ndiyo iliyokuwa mkono wake, na kwamba anatengeneza masikio ya watu. Aliisoma mara moja tu, akaituma kabla hajabadili mawazo.

Lililobaki lilikuwa kumwambia mkuu, na hilo lilimtia kiwewe zaidi. Aliingia ofisini, akafunga mlango, akasimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yakamtoka machache. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho.

"Umemwona daktari?"

"Bado."

"Miaka yote hii?"

"Bado, mkuu."

"Chini hapo kuna daktari wa mishipa ya fahamu. Mlango wake unaupita kila asubuhi ukija kazini." Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi siangalii mkono wako. Naangalia masikio yakishatoka. Nenda kamwone, halafu tutajua tunapanga vipi."

Daktari alimwagiza achore duara linalojizungusha kama konokono, ashike kikombe cha maji, anyooshe mikono, aguse pua. Akamuuliza kama kuna mtu mwingine wa nyumbani aliyekuwa hivyo. Masikio akasema mama. Daktari alimwambia ni mtetemo wa kurithi, si ule ugonjwa wa kukakamaa viungo aliokuwa akiuogopa. Hautamuua. Pengine utazidi taratibu, na dawa ipo ya kuupunguza kiasi.

"Na mama yangu naye alikuwa na huo huo?"

"Siwezi kusema kwa mtu ambaye sijamwona. Lakini kwa unavyoeleza, inaelekea sana."

"Watu walisema anakunywa."

"Wengi husemwa hivyo," daktari alisema, akaandika dawa.

Alikaa kwenye benchi la nje kwa muda. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Watu walipita na faili zao, mfagizi akamwomba ainue miguu, akainua. Kisha akapanda juu kuendelea na kazi.

Dawa ilisaidia kidogo, haikumrudisha kwenye nta. Ya kukodi ilikuwa imekataliwa, mtengenezaji wa Kisu alikuwa hajajibu, na kinyozi bado anavaa kofia. Ilibaki Bahari. Akapiga moyo konde. Kwa jioni nyingi walikaa mezani, yeye na mumewe, yeye mbele ya kompyuta, mumewe akisoma maelekezo kwa sauti ile ile anayosomea maelekezo ya friji.

"Bonyeza herufi ya kusogeza."

"Nimebonyeza. Kila kitu kinakimbia."

"Usiguse kipanya. Kiache. Sasa bonyeza herufi ya upande unaotaka kwenda."

"Haya."

"Sasa andika namba."

"Namba ya nini?"

"Sijui. Wamesema namba."

Akaandika sifuri nukta tano, akabonyeza kitufe cha kukubali. Ncha ikasogea nusu milimita, ikatulia pale. Akaandika nyingine kwa upande wa pili, ikaenda, ikatulia. Masikio alirudisha kiti nyuma, akaitazama ile ncha kwa kitambo.

"Imekubali?" mumewe aliuliza.

"Imekubali. Hii ni afadhali kuliko mishale. Mishale nilikuwa nakadiria. Hii naiambia."

"Basi tuendelee au tule?"

Wakala.

Haikuwa mteremko. Bahari ilikuwa na njia nyingi za kufanya jambo moja, na tano kati ya hizo zilimpoteza kabla ya kuipata ya sita. Mafaili yake ya zamani yaliingia, lakini mengine yaliingia ndani nje, ngozi ikiwa imetazama upande usiofaa, akalazimika kuyageuza moja moja. Kulikuwa na siku aliitukana kimoyomoyo na kukitamani Kisu kama mtu anavyoutamani mtaa aliohama. Lakini aligundua jambo lililomtuliza. Watu wa Bahari waliweka matoleo yao yote ya nyuma hadharani. Likija jipya usilolipenda, unabaki na lako, au unarudi. Kwa mtu aliyenyang'anywa mishale kwa kubofya mara moja, hilo lilimaanisha mengi.

Sikio la kinyozi lilikuwa la kwanza kutoka mle. Rangi alilipaka, akatia vimishipa vyekundu kwenye ukingo na wekundu kidogo kwenye ncha ya chini, akinung'unika kwamba vinyozi wana ngozi ngumu kuiga. Kufikia hapo Rangi alikuwa anajua habari za mkono. Masikio alimwambia mwenyewe, na Rangi akasema alihisi tangu zamani, ila alidhani ni njaa. Kuanzia siku hiyo akawa anapaka gundi yeye wakati wa kuvalisha, jambo ambalo kabla ya hapo Masikio alilifanya kwa kubana pumzi.

Kinyozi alikaa. Rangi akabandika, akashikilia, akaachia. Kinyozi aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Kisha akaomba kioo cha mkononi, akakishika nyuma ya shingo yake kwa pembe ile wanayoijua vinyozi, akajitazama kisogo kwenye kioo cha ukutani, kama anavyowaonyesha wateja kila siku.

"Nyuma pia pako sawa," alisema.

Akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Ikakaa, mkono mmoja juu ya sikio alilozaliwa nalo, mwingine juu ya lile la Masikio. Akaivua, akaivaa tena. Macho yalimjaa maji, naye akasema ni harufu ya gundi, na wote watatu wakakubali kwamba gundi ile ina harufu kali.

Miezi ikapita. Ndipo Kisu kilipotoa sasisho jingine, na mtengenezaji wake akamwandikia yeye mwenyewe. Aliomba radhi kwa kuchelewa kujibu, akasema alipoisoma barua ya pili aliona haya kwa lile jibu la kwanza, na kwamba mishale imerudi. Kuna sehemu ya mipangilio ambapo mtu anachagua. Baada ya kuiweka, alisema, wamejitokeza wengine wenye mikono ya namna hiyo ambao walikuwa wameondoka kimya kimya.

Masikio alikipakua, akakaa nacho siku nzima. Mishale ilifanya kazi kama zamani. Kisu kilifunguka haraka, hakikumchosha macho, na kuanzisha umbo mle kulikuwa kwepesi kuliko Bahari. Lakini katika kukalisha sikio juu ya kovu alikuwa amekwisha kuzoea kuandika namba, na kukadiria kwa mishale kulimwia kama kupima kitambaa kwa shubiri ilhali futi ipo. Mkuu alipomuuliza kama sasa anarudi kwenye cha zamani, alisema atatumia vyote viwili, hiki kuanzia na kile kumalizia. Mkuu akauliza kama hiyo ni gharama. Akasema kimoja kimekwisha kulipiwa na kingine ni bure. Mkuu akasema basi hana neno.

Masikio ya silikoni hayadumu. Jua huyachubua rangi, gundi hula kingo, na baada ya mwaka na ushee mgonjwa anarudi kutengenezewa jingine. Kinyozi alirudi. Masikio alifungua faili lake, likafunguka bila kinyongo, akamwambia safari hii haitachukua muda kwa kuwa umbo lipo tayari, ni kuchapa na kupaka tu.

"Ngoja kwanza," kinyozi alisema. Alisogea karibu na kioo, akavuta sikio lake zima kwa vidole. "Hili langu limeanza kulegea hapa chini. Unaona? Lile ulilonipa limebaki kijana. Mteja mmoja ameniambia nina masikio ya watu wawili tofauti."

Masikio alilitazama sikio zima kwa karibu, akaona ni kweli.

"Unataka nikuzeeshe?"

"Kidogo tu. Usitie chumvi."

Akavuta kiti, akachagua ncha za chini, na kuanza kuandika namba.